Singapore kwa Kuufuata Ufuo wa Zamani

Jumatatu

Ndege imetua Changi alasiri. Nimekuja na shangazi yangu, ambaye hadi anastaafu alikuwa karani wa bandari Tanga, akihesabu marobota ya katani yakishushwa kwenye matishali. Enzi zake meli kubwa hazikufika gatini. Zilitia nanga katikati ya ghuba, na mizigo ikaenda na kurudi kwa tishali. Jina la Singapore alilisoma kwenye makaratasi ya meli miaka nenda miaka rudi, na alipoambiwa achague mji mmoja wa kutembelea wakati magoti bado yanamruhusu, hakusita hata kidogo.

Mambo ya kuingia hayakutuchelewesha. Fomu ya wageni hujazwa kwenye intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na anayetoka Afrika Mashariki asiache nyumbani kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Saa za huku ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Treni ya chini ya ardhi inaingia hadi uwanjani, na tiketi huhitaji kukata: unagusisha kadi ya benki getini unapoingia, unaigusisha tena unapotoka, nauli inakatwa yenyewe. Kila kituo kina lifti, na kwa mtu anayesafiri na mzee hilo ni jambo kubwa kuliko vivutio vyote nitakavyovitaja humu. Ukutani kuna tangazo la mambo yaliyokatazwa: kuvuta sigara, kula, kunywa, na kubeba doriani. Shangazi alilisoma akacheka mpaka akashika kiti. Watu wa Unguja na Pemba wanalijua tunda hilo na harufu yake, wala hawahitaji kuambiwa sababu.

Jioni tulikwenda kwa Merlion, sanamu ya simba mwenye mkia wa samaki ambayo kila mgeni hupigwa nayo picha. Ina urefu wa mita 8.6, ilizinduliwa mwaka 1972, na inatema maji mchana na usiku. Tulifika kwa miguu tukipitia Cavenagh Bridge, daraja la chuma la mwaka 1869 ambalo bado lina bango la zamani la kuwakataza ng'ombe na farasi kupita. Mkono wa pili kuna jengo la Fullerton la mwaka 1928, lililokuwa posta kuu. Sasa ni hoteli.

Watu walikuwa wamesongamana mbele ya simba. Shangazi yeye alimpa mgongo, akawa anautazama mto.

"Mwanangu, mdomo wa mto si huu hapa?"

"Ndiyo huu, shangazi."

"Sasa bahari iko wapi?"

Swali lenyewe hasa. Mbele yetu kulikuwa na maji, lakini yamezungukwa na nchi kavu pande zote, na ng'ambo yake yamesimama maghorofa matatu ya hoteli ya Marina Bay Sands. Pale yaliposimama palikuwa bahari. Singapore ilijipatia uhuru wake mwaka 1965 ikiwa na ardhi ya kilomita za mraba 580 hivi. Leo ina zaidi ya 730, na nyongeza yote imetokana na kujaza bahari mchanga na kifusi. Hata Merlion amehamishwa: daraja jipya lilimziba asionekane akiwa mdomoni mwa mto, wakamsogeza mwaka 2002.

Hapo ndipo tulipopata mpango wa wiki. Tutautafuta ufuo wa zamani, tuufuate, na vivutio tuvione tukiwa njiani.

Jumanne

Tulianzia Telok Ayer Street. Leo ni mtaa wa ndani, umefunikwa na vivuli vya mabenki, lakini hadi mwishoni mwa karne ya 19 mawimbi yalipiga hapa. Ndiyo maana nyumba za ibada zimepangana upande mmoja wa barabara: zilijengwa zikitazama maji. Thian Hock Keng, hekalu la Wachina wa Hokkien lililojengwa kati ya 1839 na 1842, ni la Mazu, mlinzi wa mabaharia. Mhamiaji aliyeshuka salama kutoka kusini mwa China alipita hapa kwanza kushukuru, ndipo akaenda kutafuta kazi. Mbao zake zimeunganishwa bila msumari hata mmoja. Hatua chache mbele kuna Nagore Dargah, iliyojengwa kati ya 1828 na 1830 na Waislamu waliotoka pwani ya kusini mwa India, nao wakiwa na shukrani ileile ya kuvuka bahari.

Shangazi alisimama kizingitini mwa Thian Hock Keng, akaangalia chini, akaangalia ng'ambo ya barabara, akapima kwa macho mahali dau lingeweza kufika kwa maji kujaa. Alikaa pale kitambo. Watalii walimpita wakiwa na simu zao juu, wala hawakujua anaangalia nini.

Chinatown ni mwendo mfupi kutoka hapo. Kwenye South Bridge Road, ndani ya hatua zisizomchosha mzee, kuna msikiti wa Jamae wa mwaka 1826, hekalu la Kihindu la Sri Mariamman la mwaka 1827, na hekalu kubwa la Kibuddha la Buddha Tooth Relic lililofunguliwa mwaka 2007. Hili la mwisho ni jipya na linang'aa kwa dhahabu, lakini kama muda ni mfupi, mimi ningelipita.

Mahali ambapo singepapita, na wageni wengi hawapajui, ni Singapore City Gallery pale Maxwell Road. Kuingia ni bure. Ndani kuna mfano wa katikati ya mji, umejengwa kwa vipande vidogovidogo, jengo kwa jengo, na ukutani kuna ramani zinazoonyesha pwani ilivyosogezwa. Shangazi aliifuata Telok Ayer kwa kidole, kisha Beach Road, kisha akahesabu mitaa iliyozaliwa mbele yake. Nilimletea kiti.

Chakula cha mchana tulikula Maxwell Food Centre, upande wa pili wa barabara. Utaratibu wa vituo hivi inafaa kuujua. Ni paa moja kubwa lenye vibanda vingi, na kila kibanda kinapika kitu kimoja au viwili tu, mpishi yuleyule kwa miaka mingi. Anayetaka meza huacha pakiti ya tishu juu yake, na hakuna atakayeigusa. Ukimaliza kula unarudisha sinia lako mwenyewe. Tangu 2021 ni sheria. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka utamaduni huu wa vibanda kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Muislamu atazame cheti cha halali kilichobandikwa kibandani, hutolewa na baraza la Kiislamu la nchi, MUIS. Kwa dola za Singapore tano au sita mtu anashiba.

Kabla ya magharibi tulipanda The Pinnacle@Duxton. Hizi ni nyumba za serikali: minara saba ya ghorofa 50, imekamilika mwaka 2009, imeunganishwa juu kwa njia ya kutembea, na kwa ada ndogo mgeni anaruhusiwa kufika kileleni. Wakazi wanane hivi kati ya kila kumi wa Singapore wanaishi katika nyumba za shirika la HDB, lililoanzishwa mwaka 1960. Kule juu unaona bandari, unaona meli zimetia nanga mpaka upeo wa macho, na chini yako kuna nguo zimeanikwa madirishani. Kwangu mimi hii inashinda majukwaa yote ya kutazamia mji yanayotozwa bei ya juu.

Usiku mishkaki, ambayo huku ni satay, pale Boon Tat Street kando ya Lau Pa Sat. Magari hufungiwa jioni, meza zikawekwa katikati ya lami. Soko lenyewe, lenye pembe nane na nguzo za chuma zilizoletwa kutoka Glasgow, ni la mwaka 1894. Mtangulizi wake alijengwa juu ya maji, na mashua zilishusha bidhaa papo hapo chini yake.

Jumatano

Leo tulikuwa na kazi moja tu, Asian Civilisations Museum, kando ya mto pale Empress Place, na ilitumaliza siku nzima.

Ghorofa ya chini kuna chumba cha jahazi la Belitung. Mwaka 1998 wavuvi waliokuwa wakizamia majongoo bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta rundo la vyombo vya udongo chini ya maji. Lilikuwa jahazi la karne ya 9, limetoka China likielekea nchi za Waarabu, limebeba zaidi ya vipande 60,000 vya vyombo, vingi vyake bakuli za karakana za Changsha, China. Bakuli moja ina tarehe inayolingana na mwaka 826, na hiyo ndiyo iliyowasaidia wataalamu kukadiria umri wa mzigo. Kuna pia kikombe cha dhahabu chenye pembe nane, kimechongwa wapiga muziki, ambacho mtu anaweza kukitazama saa nzima.

Kilichotukalisha chini sisi hakikuwa dhahabu. Jahazi lile halikuwa na msumari. Mbao zake zilitobolewa matundu pembeni na kushonwa kwa kamba, kama ilivyokuwa mitepe ya Lamu na Bajuni hadi ilipotoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Shangazi aliwahi kuuona mtepe uliojengwa upya na kuwekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar, na alipoona mchoro wa mishono hii alikwenda karibu na kioo, akaanza kuonyesha kwa vidole uzi unavyoingia na kutoka, akizungumza peke yake. Kuna zaidi. Wachunguzi wa mbao za jahazi walikuta nyingine ni za Afzelia kutoka Afrika, jamii moja na mbambakofi yetu ambayo milango ya pwani huchongwa kwayo. Mti umekatwa barani kwetu, chombo kikaenda hadi China, kikapakia, kikazama mashariki ya Sumatra.

Bakuli zenyewe zimewekwa kwa mamia, safu juu ya safu. Ni ndogo, zinaenea kiganjani. Rangi ya mwili ni ya majani makavu, na ndani yake fundi amechora kwa brashi, haraka haraka, mistari ya kahawia na kijani: ndege, samaki, jani, wingu, nyingine maandishi. Hakuna mbili zinazofanana sawasawa, ingawa ni wazi kwamba mkono uleule umechora mamia kwa siku. Hazikuwa za wafalme. Zilikuwa za kuuzwa sokoni, za mtu wa kawaida kunywea, na safarini zilipangwa kwa kuzungushwa ndani ya mitungi mikubwa ili zisivunjike. Vigae vya bakuli za aina hii vimefukuliwa Manda na Shanga, kwenye visiwa vya Lamu. Mtu aliyeishi Shanga katika karne ya 9 alikunywa kwenye chombo cha karakana zilezile.

Shangazi aliniuliza jahazi lilibeba tani ngapi, mitungi ilihesabiwaje, nani alitia saini ya kupokea. Maswali ya karani. Nilimwambia mzigo haukufika, kwa hiyo hakuna aliyesaini. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi deni bado liko kwenye vitabu."

Mwaka 2010 Oman iliizawadia Singapore jahazi lililojengwa kwa mfano wa lile, Jewel of Muscat, likashonwa kwa kamba za makumbi na kusafirishwa kwa tanga kutoka Muscat hadi hapa.

Tulipotoka jua lilikuwa limepoa. Tulipanda mashua ya watalii kutoka Boat Quay. Mto huu ulijaa matishali hadi mwaka 1983, yalipohamishiwa Pasir Panjang, na ulikuwa unanuka. Mwaka 1977 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alitoa miaka kumi mto usafishwe, na mwaka 1987 kazi ilikwisha. Maghala yamegeuka mikahawa. Nilidhani shangazi angesikitikia matishali, kumbe la. Alisema maji safi ni maji safi.

Alhamisi

Asubuhi Botanic Gardens, bustani ya mwaka 1859 iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015. Milango hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kuingia ni bure, isipokuwa sehemu ya okidi. Nenda mapema, kabla jua halijakaza, uwakute wazee wa Kichina wakifanya mazoezi yao polepole chini ya miti.

Kabla ya kwenda toa noti ya dola tano mfukoni uigeuze. Mti uliochorwa nyuma ni mtembusu uliomo bustanini humu, mkubwa kuliko bustani yenyewe kwa umri. Tawi lake moja la chini limetanda kwa ulalo, karibu sambamba na ardhi, halafu likapinda kwenda juu. Tuliinua noti, tukaufunga mti ndani yake. Familia moja ya Kihindi ilituona, nao wakatoa noti zao.

Miche ya mpira ililetwa hapa mwaka 1877 kutoka Uingereza, mbegu zikiwa zimetoka Brazil. Henry Ridley, aliyeanza kuisimamia bustani mwaka 1888, ndiye aliyebuni namna ya kuchanja gome kidogo kidogo ili utomvu utoke na mti usife. Mashamba ya mpira ya Malaya yalianzia hapo. Sisi wa Tanga tunaijua Amani, bustani ya Wajerumani kule Usambara iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa kazi za namna hiyohiyo, na ningependa sana siku moja itunzwe kama inavyotunzwa hii.

Saa nane mvua ilimwagika. Huku mvua haimzuii mtu: njia nyingi za kupitia kutoka vituoni zimeezekwa. Ilipokatika tulipanda magari ya kamba kwenda Sentosa. Kisiwa chenyewe, cha fukwe za kutengenezwa na michezo ya Universal Studios, ni cha watoto na vijana, hatukukaa. Lakini magari hayo, yaliyopo tangu 1974, yanapita juu ya bandari, na chini yako yamepangwa makontena kwa maelfu na winchi zikifanya kazi bila kelele kufika juu. Kwa wingi wa makontena hii ni bandari ya pili duniani, baada ya Shanghai. Magati ya huku mjini yanahamishiwa Tuas, magharibi mwa kisiwa, ambako pia bahari imejazwa. Shangazi alihesabu winchi mpaka tukavuka. Kurudi akahesabu upya, kuhakiki.

Ijumaa

Kampong Glam ni mtaa wa Wamalei na Waarabu, na Masjid Sultan iko katikati yake. Msikiti wa kwanza ulijengwa miaka ya 1820. Huu wa sasa ulikamilika mwaka 1932. Makuba yake ya dhahabu yanaonekana tangu mbali, lakini ukifika karibu simama Bussorah Street uangalie chini ya kuba, pale linapokutana na ukuta. Kuna mkanda mweusi unaometa. Ule mkanda ni vitako vya chupa za kioo, vimepangwa safu kwa safu, duara kwa duara. Wakati wa ujenzi matajiri walichangia fedha, na watu wasio na fedha wakaletwa katika mchango kwa chupa walizokuwa nazo jikoni. Hazikufichwa ndani ya zege. Ziliwekwa juu, chini ya dhahabu, mahali ambapo aliyetoa chupa angeweza kumwonyesha mjukuu wake.

Nimetembelea misikiti mingi mizuri, na sijaona pambo lililonigusa kama lile.

Tuliswali Ijumaa hapo, shangazi juu upande wa wanawake. Watalii hawaruhusiwi kuingia Ijumaa; siku nyingine wanaingia kwa saa maalumu, na asiye na mavazi ya kusitiri huazimwa joho mlangoni. Baada ya swala tulikula murtabak mkabala na msikiti, North Bridge Road: mkate mwembamba uliokunjiwa nyama ya kusaga, mayai na vitunguu, ukakaangwa kwenye chuma kipana, unaletwa na mchuzi wa kuchovya.

Arab Street inauza vitambaa na Haji Lane ni ya vijana na picha za ukutani. Majina ya Alsagoff, Aljunied na Alkaff utayakuta kwenye mitaa na misikiti, na la Aljunied hata kwenye kituo cha treni. Ni koo za Hadhramaut, Washihiri, waliokuja huku kufanya biashara katika karne ya 19 huku ndugu zao wakiteremka Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja. Mzee mmoja muuza manukato alipojua tumetoka Afrika alitwambia babu yake alikuwa na jamaa Mombasa, akamtia shangazi udi mkononi na kukataa pesa. Shangazi naye akafungua mkoba, akampa kahawa aliyoibeba. Wakaagana kwa kuombeana dua.

Tukaendelea kwa Beach Road, barabara ya ufukweni isiyoona tena bahari. Raffles Hotel, iliyofunguliwa 1887, ilikuwa ikitazama maji. Kwenye barabara hiyohiyo kuna Masjid Hajjah Fatimah wa mwaka 1846, ambao mnara wake umeinama kuelekea kuba. Uliitwa kwa jina la mwanamke wa Malacca, mfanyabiashara, aliyeendesha biashara na vyombo vyake vya baharini baada ya mumewe kufariki. Shangazi alitaka kusikia habari hizo mara mbili, kisha akaswali rakaa mbili humo ndani.

Jumamosi

Siku ya ardhi mpya, yaani ng'ambo ya ufuo wa zamani.

Gardens by the Bay ilifunguliwa mwaka 2012 kwenye hekta 101 za bahari iliyojazwa. Bustani ya nje ni bure. Nyumba mbili za kioo zinalipiwa, na si rahisi, lakini ingieni wakati wa jua kali. Cloud Forest ina mlima uliotengenezwa na maporomoko ya mita 35, na ndani kuna ubaridi na ukungu wa milimani. Flower Dome ni kavu, na ndani yake, katikati ya mimea ya nchi nyingi, tulikutana na mibuyu. Mibuyu yenyewe, ile ya kwetu. Watoto wa shule walikuwa wameuzunguka mmoja wakimsikiliza mwalimu. Shangazi alitaka kuwaeleza ubuyu unavyoliwa, nikawa mkalimani, na mwalimu akawaambia waandike.

Alasiri tulihamia Marina Barrage, mwendo mfupi pembeni ya bustani. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote Singapore, na hapalipiwi. Ni boma lililofunga mlango wa ghuba mwaka 2008, lina milango tisa ya chuma, na limeigeuza ghuba yote kuwa bwawa la maji baridi. Yale maji mbele ya Merlion si bahari tena, ni ya kunywa yakishasafishwa. Mvua kubwa ikinyesha na bahari imekupwa, milango inashushwa maji yakaenda. Ikiwa ni bamvua na bahari iko juu, pampu saba zinayasukuma nje, maana zamani Chinatown ya chini ilikuwa ikifurika. Chini kuna maonyesho yanayoeleza haya yote. Mtu aliyelelewa kwa ratiba ya kupwa na kujaa anaelewa mara moja, na shangazi alimaliza maelezo kabla ya kijana wa zamu kufika nusu.

Juu ya paa ni majani matupu, na jioni ya Jumamosi familia huja kurusha tiara. Baba mmoja wa Kimalei alimwachia shangazi uzi. Upande mmoja bahari ya kweli yenye meli zilizotia nanga, upande wa pili bwawa, nyuma ya bwawa maghorofa yanaanza kuwaka taa. Alilishika tiara mpaka adhana ya magharibi ikalia kwenye simu yangu.

Saa mbili kasorobo usiku tulirudi bustanini kwa Supertrees. Ni miti 18 ya chuma, mirefu yake inafika mita 50, imevikwa mimea hai. Baadhi ina paneli za jua juu, mingine ni njia ya kutolea hewa ya nyumba za kioo. Taa na muziki huanza saa hiyo, na tena saa tatu kasorobo. Lala chali kwenye majani, ndivyo wafanyavyo wenyeji. Marina Bay Sands tuliipita tukienda kituoni: minara mitatu ya ghorofa 55, juu yake bustani ya mita 340 na bwawa la kuogelea ambalo ni la wageni wa hoteli peke yao.

Jumapili

Little India hujaa siku hii, maana vibarua kutoka India na Bangladesh wako mapumzikoni, na mtaa unakuwa wao. Chini ya Tekka Centre kuna soko la samaki na mboga, na juu ya meza za matunda shokishoki, mafenesi na doriani. Kwenye vibaraza vya Serangoon Road mafundi wa maua wamekaa wakifunga asumini. Tulimtazama mmoja kwa muda mrefu. Anaweka maua mawili kulia, mawili kushoto, anazungusha uzi kwa kidole gumba bila kuangalia, anavuta, anaendelea, na shada linashuka mapajani mwake kama linajitengeneza. Shangazi alinunua dhiraa moja, akafungia ushungi wake kwa pembeni, akatembea nalo mchana kutwa. Wanawake wa Kitamil walimwonyesha kwa ishara kwamba amependeza.

Biriani, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe hadi kikombe ikatoka povu, nyumba ya Tan Teng Niah ya mwaka 1900 yenye kila rangi madirishani, kisha tukarudi kuchukua mizigo.

Changi tulifika mapema makusudi. Jewel, jengo la kioo lililofunguliwa mwaka 2019 mbele ya uwanja, lina maporomoko ya maji ya mita 40 yanayodondoka kutoka kwenye tundu la paa, na treni ya abiria inayokatiza kati ya miti. Msanifu wake, Moshe Safdie, ndiye aliyechora Marina Bay Sands. Wakati wa mvua, maji ya mvua hukusanywa na kutumika humo. Usiku yanamulikwa kwa rangi. Huhitaji kuwa na tiketi ya ndege kuingia, na wenyeji wengi huja tu kutembea. Anayeunganisha ndege hapa, hata akiwa na saa tatu tu, apitie uhamiaji atoke: kutoka Terminal 1 ni hatua chache.